Kwa Nini Wanafunzi Wangu Hawashiki Kikwanguo Wiki za Mwanzo

Kila mwaka wanafunzi wapya wa usafi wa kinywa na meno huingia darasani na hamu moja: kushika vyuma. Wameshatazama video za ugaga, ule uchafu uliogandamana na jino ukawa mgumu, ukibanduka nyuma ya meno ya chini ya mbele, kipande kizima kinaachia kama plasta ya ukuta uliolowa, na siwalaumu. Raha yake ipo. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote kwenye kazi hii, bado nafurahi nikisikia "tak" ya ugaga ukiachia. Lakini kwangu wiki tatu za mwanzo hakuna kikwanguo, kile chuma cha kubandulia ugaga. Kuna mswaki, kioo cha mkononi na kidonge cha rangi.

Zoezi liko hivi. Kila mmoja anapiga mswaki kama anavyopiga nyumbani, bila haraka, bila mtu kumsahihisha. Akimaliza anatafuna kidonge cha kuonyeshea ukoga, anakizungusha mdomoni kwa ulimi, anatema, anasukutua mara moja tu. Kisha anajitazama. Kimya cha dakika hiyo nakipenda kuliko mhadhara wowote niliowahi kutoa.

Ukoga ni ule utando laini wa bakteria unaonata kwenye jino. Ukiwa mpya ni vigumu kuuona, kwa kuwa rangi yake na ya jino ni karibu sawa. Ulimi ukipita ndipo unagundua jino halitelezi. Rangi ya kidonge huung'ang'ania utando huo na kuliacha jino safi lilivyo. Kwa hiyo mtu aliyetoka kupiga mswaki sasa hivi, tena kwa bidii kwa sababu mwalimu anatazama, anakuta mdomo umechorwa mistari myekundu.

Mwaka mmoja alikuwapo binti aliyeongoza majaribio yote ya nadharia. Alipojitazama akakuta mstari mwekundu unafuata ufizi wa magego ya chini, upande wa ulimi. "Mwalimu, mimi napiga mswaki asubuhi na usiku, sijawahi kuruka hata siku moja." Nilimwamini. Nikamwomba apige tena, safari hii mbele yangu. Mswaki ulianzia magego ya kushoto, ukaja mbele, na ulipofika kwenye chonge ya kulia, pale ambapo kiganja lazima kigeuke ili uendelee, mkono ukahamia meno ya juu. Magego ya chini ya kulia, kwa ndani, hayakuguswa kabisa. Siku hakuruka. Alichokuwa akiruka ni mahali, palepale, mara mbili kwa siku, na pengine tangu utotoni.

Baada ya hapo tunahesabu. Natumia kipimo kilichochapishwa mwaka 1972 na O'Leary na wenzake: kila jino linagawanywa pande nne, unahesabu pande zenye rangi kwenye mpaka wa ufizi, unagawanya kwa idadi ya pande zote. Binti huyo ana meno 28, maana yake pande 112. Zenye rangi zilikuwa 47. Asilimia 42, wakati lengo ni asilimia 10 au chini ya hapo. Aliandika namba hiyo kwenye daftari kwa herufi ndogo sana, kama anayeficha deni.

Naanzia hapo kwa sababu ya hesabu nyingine iliyo rahisi zaidi. Mgonjwa anayetii ratiba atakaa kwenye kiti chetu labda mara mbili kwa mwaka. Mwaka huohuo atapiga mswaki mara 730. Hata ukiwa na mkono wa dhahabu kwenye kikwanguo, zile mara mbili haziwezi kulipia mara 730 zinazopita pembeni ya gego lilelile. Kazi hii yenyewe ilizaliwa hivyo. Alfred Fones, daktari wa meno wa Bridgeport kule Connecticut, Marekani, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906, na mwaka 1913 akafungua shule ya kwanza ya fani hii. Wahitimu wake wakapelekwa kwenye shule za watoto, wakafundishe na kusafisha kabla meno hayajaharibika. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba kinga ndiyo ilikuwa kazi yenyewe tangu mwanzo.

Swali linalofuata huwa ni: kwani ukoga ukibaki, kunatokea nini? Hapa nawapa jaribio la Harald Löe na wenzake, lililochapishwa mwaka 1965. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Wakarudia kusafisha, na baada ya kama wiki moja fizi zikarudi hali yake. Nawaomba wanafunzi wakae na jaribio hilo kwa muda, maana limebeba habari mbili. Ya kwanza, ukoga ndio chanzo. Ya pili, ambayo mgonjwa anaihitaji zaidi, ni kwamba hatua hii ya mwanzo inarudi nyuma. Mfupa unaoshika jino ukishaanza kuliwa, hilo ni jambo jingine, haurudi kwa mswaki.

Tena jaribio hilo linajibu malalamiko utakayoyasikia kila siku ya kazi yako: "Nikipiga mswaki hapa panatoka damu, kwa hiyo napaacha papone." Mgonjwa ana mantiki, kidonda kingine chochote mwilini tungekiacha kipumzike. Lakini ufizi haujachubuka. Umevimba kwa sababu ya utando ulioachwa hapo. Ukipaacha tena, unaulisha. Mwambie ashike mswaki laini, aulaze kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea kwenye ufizi, autikise kidogo kidogo pasipo kusugua kama anayesugua sufuria, na kwamba siku chache za mwanzo damu itaendelea kutoka. Usipomtahadharisha kuhusu hizo siku chache, ataacha siku ya pili na atakuona mwongo. Na damu isiyokoma baada ya wiki mbili za usafi mzuri, arudi, tuangalie kingine.

Kuoza kwa meno nafundisha kwa kuchora saa ubaoni. Bakteria wa kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi tunaipima kwa pH: namba ikishuka, asidi imezidi. Ikishuka chini ya takriban 5.5, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Robert Stephan alilipima hili miaka ya 1940: baada ya kusukutua kwa maji yenye sukari, pH kwenye ukoga hushuka ndani ya dakika chache, kisha hupanda polepole, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi, mate yakifanya kazi ya kuisawazisha. Sasa chora watu wawili. Mmoja anakunywa kikombe cha chai yenye sukari kwa mkupuo mmoja, dakika kumi kimekwisha. Mwingine ana kikombe kilekile, sukari ileile, lakini anakionja kila baada ya robo saa tangu saa tatu hadi saa sita. Darasa zima hupaka rangi sehemu za saa ambazo jino liko kwenye asidi. Wa kwanza anapata kipande chembamba. Wa pili, asubuhi yote imepakwa. Kisha nauliza nani kati yao alikula sukari nyingi, na daima kuna anayejibu kabla ya kufikiri.

Ushahidi mkubwa wa zamani kwamba sukari kati ya milo huozesha meno zaidi ulitoka Vipeholm, Uswidi, ukachapishwa 1954. Walipewa peremende zinazonata watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi kwenye taasisi, watu ambao hawakuweza kukubali wala kukataa. Tunayatumia matokeo yake hadi leo na sioni sababu ya kumficha mwanafunzi yalipatikanaje.

Floraidi naipitia haraka kwa sababu mambo yake makuu ni machache. Inafanya kazi zaidi ikiwa ipo mdomoni, kwenye mate na kwenye ukoga, ikisaidia madini kurudi kwenye enameli na kuifanya istahimili asidi. Dawa ya meno ya mtu mzima iwe na floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Na ukimaliza, tema, usisukutue kwa maji mengi. Hili la mwisho huwakera watu kuliko lolote, maana wamezoea kusukutua hadi ladha iishe, na pamoja na ladha huondoka dawa waliyoinunua.

Ninakokaa muda mrefu ni kwenye doa jeupe. Ningeweza kulifundisha siku nzima. Mgonjwa kijana, jino la juu la mbele, karibu na ufizi. Ukilitazama likiwa na mate huoni kitu. Lipulize kwa hewa sekunde tano, na pale pembeni linajitokeza doa jeupe lisilong'aa, kama chaki. Vijinafasi visivyoonekana kwa macho ndani ya enameli iliyopoteza madini vilikuwa vimejaa maji, na maji hupitisha mwanga karibu sawa na enameli. Hewa ikiingia mahali pa maji, mwanga unatawanyika na doa linaonekana. Hapo jino limeanza kuoza, ila uso wake bado mzima, hakuna tundu. Ukoga ukiondolewa kila siku, sukari ikapungua na floraidi ikawepo, doa hilo linaweza kusimama, likawa gumu na kung'aa. Kosa la mwanafunzi mwenye hamu ya vyuma ni kulichokoa kwa ncha kali ili "kuona kama ni laini". Ukibonyeza, unavunja ule uso mwembamba, na ulichokuja kukikinga umekitoboa mwenyewe. Doa jeupe linatazamwa kwa hewa, mwanga na macho. Mikono nyuma.

Sehemu ngumu kuliko zote haina vifaa. Ni mazungumzo. Nimesimama nyuma ya wanafunzi wengi wakimhutubia mgonjwa dakika kumi, kila neno sahihi, na mgonjwa akijibu "sawa daktari, sawa daktari". Anachotaka huyo ni kushuka kwenye kiti. Namkumbuka mama mmoja wa makamo ambaye mwanafunzi wangu alimweleza vizuri sana kuhusu uzi wa kusafishia katikati ya meno. Aliporudi hali ilikuwa ileile, na mwanafunzi akaniambia pembeni kwamba mgonjwa hana nia. Nikamwambia ampe uzi, amwombe amwonyeshe. Mama akaupokea, akajaribu kuuzungusha kwenye vidole, na vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba hata ngumi haikufunga. "Mwanangu, hivi vidole havinitii tena," akasema, kwa upole, kana kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi. Wakahamia viburashi vidogo vya katikati ya meno, mpini ukanenepeshwa kwa kuzungushiwa kitambaa. Na hapo ndipo mwanafunzi akakumbuka kuuliza dawa anazotumia, zikawemo za shinikizo la damu, na mama akasema kumbe mdomo humkauka usiku kucha. Mate yakipungua, ile saa ya ubaoni inapakwa karibu yote. Hayo yote yasingejulikana kwa kuhutubia.

Kwa hiyo kanuni yangu darasani ni moja: usitoe ushauri kabla hujamwona mgonjwa akishika mswaki wake. Uliza, "Naomba unionyeshe unavyofanya nyumbani," kisha funga mdomo. Tafuta jambo moja la kubadilisha. Mawili yakizidi sana. Mwanafunzi anayemrekebisha mtu mambo saba kwa mkupuo hajarekebisha hata moja.

Wiki ya tatu tunarudia kidonge. Yule binti aliyeandika namba yake kwa herufi ndogo alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu, anaanzia kulia, chini, kwa ndani, wakati mkono bado una nguvu na akili bado ipo. Tukahesabu: pande 18 kati ya 112, asilimia 16. Bado mstari mwembamba ulikuwapo nyuma ya gego la mwisho kabisa, akausogelea kwa kioo akaukunjia uso. Nilipofungua kabati la vikwanguo wenzake wote wakakimbilia huko. Yeye akabaki kwenye meza, akaniomba vidonge viwili aende navyo nyumbani. Kimoja, alisema, ni cha mama yake.