Taya linalouma si lazima liwe limeteguka

"Taya limeteguka, nenda kwa tabibu wa kiropraktiki alirudishe." Kauli hii imezoeleka mno, na kila inaporudiwa hukosea mambo mawili kwa mpigo: hali ya taya na kazi ya tabibu.

Kiropraktiki ni tiba ya mikono kwa maumivu ya uti wa mgongo, viungo na misuli, bila dawa wala upasuaji. Kwa mwenye maumivu ya taya, tabibu hulegeza misuli ya kutafunia, hukisaidia kiungo kusogea kwa urahisi na hushughulikia shingo. Hiyo yatosha kuwa maana.

Jina lenyewe limeundwa kwa Kigiriki: "kheir" ni mkono, "praktikos" ni -a kutenda. Daniel David Palmer alianza tiba hii mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, na jina alipendekezewa na mchungaji Samuel Weed aliyejua Kigiriki. Ndani ya jina hilo hamna mfupa, wala kuvunja, wala kurudisha. Lugha ya kurudisha ilitoka kwenye nadharia ya Palmer, aliyeamini kwamba pingili za uti wa mgongo zikihama kidogo hubana mishipa ya fahamu na kuleta karibu kila ugonjwa. Sayansi haikuithibitisha nadharia hiyo, lakini maneno yake yamebaki midomoni mwa watu, hata mwa baadhi ya matabibu.

Sasa kuteguka. Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya tundu la sikio. Weka ncha za vidole hapo, fungua mdomo, utakisikia kikicheza. Kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa kwenye kishimo cha mfupa wa panja, na katikati yao kuna kisahani chembamba cha tishu ngumu. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa hicho huzunguka papo hapo. Ukizidi kufunguka, kichwa na kisahani huteleza pamoja kwenda mbele, juu ya kinundu cha mfupa. Taya lililoteguka kweli ni lile ambalo kichwa chake kimevuka kinundu hicho na kukwama mbele yake. Mgonjwa hubaki mdomo wazi, hawezi kuufunga, mate yanamtoka, maneno hayatamkiki. Huyo ni wa hospitali, siku hiyo hiyo. Daktari hukandamiza magego ya chini kwa vidole gumba kuelekea chini, kisha husukuma taya nyuma, mara nyingine baada ya dawa ya kulegeza misuli.

Mtu anayekula, anayeongea, anayefunga mdomo huku akilalamika maumivu ya shavu na panja hajateguka. Mara nyingi chanzo ni misuli iliyochoka kwa kuuma meno au kuyasaga usingizini. Wengine kisahani chao kimeteleza mbele, na hurudi juu ya mfupa kila mdomo unapofunguka. Hapo ndipo ule mlio wa "tak" unapotokea. Mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba. Kisahani kisiporudi tena, mlio hutoweka na mdomo hukataa kufunguka vizuri, kwa hiyo mlio kuisha si dalili ya kupona kila mara.

Tabibu makini huanza na rula: nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, mdomo ukiwa wazi kabisa. Kwa watu wazima wengi ni milimita 40 hadi 50. Ikiwa chini ya 35, au taya likipinda upande mmoja linapofunguka, hiyo ni taarifa muhimu. Kisha huvaa glavu, huingiza kidole ndani ya shavu na kubana sehemu za msuli zilizokaza, huku akimuuliza mgonjwa kiwango cha maumivu. Kiungo chenyewe huvutwa taratibu kuelekea chini, bila kushtukiza. Shingo huhusishwa kwa sababu hisia za uso na za sehemu ya juu ya shingo hukutana katika kituo kimoja cha mishipa ya fahamu, hivyo shingo iliyokaza huweza kuuma kama taya.

Hapa pana tofauti nyingine inayofaa kushikwa: kusogeza kiungo polepole si sawa na kukisukuma kwa ghafla. Mwongozo uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023 unapendekeza kwa nguvu kusogeza kwa mikono, na vilevile mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kila kimoja kwa nafasi yake, kwa maumivu sugu ya taya. Msukumo wa ghafla umepewa pendekezo hafifu tu. Kuzungusha shingo kwa ghafla, ingawa ni nadra, kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu unaoenda kwenye ubongo. Mgonjwa ana haki ya kukataa hatua hiyo, na taya lake bado litatibika.

Nyumbani kazi ni nyepesi lakini ya kila siku: midomo imefungwa, meno hayagusani, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Fungua mdomo hadi pale ulimi unapotaka kubanduka, mara 6, vipindi 6 kwa siku.

Kwa hiyo unapofika kwa tabibu, usimwambie taya limeteguka. Mwambie linauma wapi, linafunguka kiasi gani, linalia au limeacha kulia, na lilianza lini. Maumivu ya taya yanayokuja ukitembea kwa kasi na kuisha ukipumzika, au yanayoambatana na homa, uvimbe, ganzi, ama kuona vibaya, yapeleke kwa daktari kwanza.