Namba ya akaunti si ufunguo wa akaunti

Fundi mmoja wa zeze hapa Dodoma alipata mteja Ujerumani, akagoma kumpa namba ya akaunti. "Atanikomba zote," alisema. Hofu hii ni ya miaka mingi, na kwa akaunti zetu haina msingi. Namba ya akaunti, jina kamili na msimbo wa SWIFT (unaoitambulisha benki yako kimataifa) ni vya kuingizia pesa tu. Msimbo huo una jumla ya herufi na tarakimu 8 au 11. Ya tano na ya sita ni TZ, yaani Tanzania. Mteja wa Ulaya akidai IBAN, yaani namba ndefu ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, mwambie kwetu haitumiki.

Kinachotoa pesa ni PIN, nywila na ile namba ya siri inayokuja kwa SMS. Kupokea hakuhitaji hata moja.

Tukiwa tunalinda namba, tapeli anapitia kwenye risiti. Anatuma picha ya hati ya malipo, mihuri na mbwembwe zote, kisha anahimiza mzigo uondoke leo leo. Picha si pesa. Uhamisho wa kweli unaweza kuchukua siku kadhaa, na benki za katikati huweza kukata chao, kwa hiyo dola 200 zikafika pungufu. (Elewaneni mapema nani anabeba makato.) Angalia salio mwenyewe, au ulizia benki kwa namba unayoijua, si ile aliyokupa mteja.

Akisema amezidisha kwa bahati mbaya, eti umrudishie chenji kwa simu, usitume. Iachie benki iirudishe ilikotoka.