Kwa nini elektroni ya 19 ya potasiamu huliruka tabaka la tatu

Nafundisha kemia hapa Malindi, na juzi mwanafunzi wangu aliuliza swali ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimyakimya. "Mwalimu, ulisema tabaka la tatu hubeba elektroni 18. Mbona basi potasiamu ni 2.8.8.1, si 2.8.9?" Namba hizo ni idadi ya elektroni katika kila tabaka, kuanzia la ndani.

Ameuliza haswa. Ila jibu lake halipatikani katika ile michoro ya duara tunayochora ubaoni. Michoro hiyo inatokana na fikra za Niels Bohr za mwaka 1913, na kwa haidrojeni ilifaa sana. Ilipofika kwenye heliamu, yenye elektroni mbili tu, hesabu zikagoma. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaleta mlinganyo unaoichukulia elektroni kuwa wimbi.

Aliyewahi kupiga udi wa taarabu ataelewa upesi. Uzi uliofungwa ncha mbili hautetemi ovyo. Hutetema kwa nusu wimbi, au wimbi zima, au wimbi moja na nusu. Katikati ya hapo hapana kitu. Elektroni nayo imefungwa, na kinachoifunga ni mvuto wa kiini, kwa hiyo inaruhusiwa maumbo fulani tu, kila moja na nishati yake. Maumbo hayo ndiyo obitali. Obitali si njia ambayo elektroni hupita. Hutuambia ni wapi ina uwezekano mkubwa wa kupatikana. Ya s ni ya mviringo kama chungwa, nayo ni moja katika kila tabaka. Za p ni tatu, za d ni tano. Wolfgang Pauli alionyesha mwaka 1925 kwamba kila obitali huchukua elektroni mbili, basi. Tabaka la tatu lina s, p na d: 2 na 6 na 10, jumla 18. Mwanafunzi wangu hakukosea.

Sasa utamu wenyewe. Potasiamu ina protoni 19. Elektroni 18 za kwanza zikishakaa, ya mwisho ina nafasi mbili mbele yake: 3d, yaani d ya tabaka la tatu, au 4s, s ya tabaka la nne. Itakaa penye nishati ndogo. Kwenye haidrojeni, 3d ndiyo yenye nishati ndogo. Kwenye potasiamu, zile 18 zimekizunguka kiini na kuukinga mvuto wake usiifikie wote ile ya nje. Nendeni ufukoni asubuhi boti ya samaki inapofika, muwatazame wanunuzi. Kuna anayesimama nyuma ya umati muda wote, na kuna ambaye kwake ni mbali zaidi lakini kila mara hujipenyeza hadi kwenye ngalawa. Wimbi la 3d ni lile la kusimama nyuma: karibu na kiini halipo kabisa, kwa hiyo huhisi mvuto wa kama protoni moja tu. Wimbi la 4s sehemu yake kubwa iko mbali, lakini lina vilele vidogo vinavyofika mpaka kwenye kiini, na huko huonja mvuto usiokingwa. Sehemu hiyo ndogo inatosha kuishusha nishati ya 4s chini ya 3d.

Ndiyo maana potasiamu ni ndugu wa sodiamu: zote zina elektroni moja ya s nje, peke yake. Kuing'oa ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli; ya potasiamu, iliyo mbali zaidi, 419. Nyunyiza chumvi ya Gongoni kwenye moto wa kuni uone ule umanjano. Ni elektroni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi, inayorudi kutoka 3p hadi 3s, ikitoa mwanga wa nanomita 589.

Naomba tu walimu wenzangu tusiwaambie watoto kwamba 4s iko chini ya 3d siku zote. Kalisiamu huijaza 4s, skandiamu huanza 3d, na kuanzia hapo protoni zinavyoongezeka, 3d huvutwa chini. Chuma kina sita katika 3d na mbili katika 4s. Kikipoteza mbili, zinazoondoka ni zile za 4s, ingawa kwa mpangilio wa kujaza ndizo zilizotangulia kuingia. Shaba nayo hujaza 3d yote kumi na kubakiza moja katika 4s.

Nimeamua muhula huu, kila nikiandika 2.8.8.1 ubaoni, chini yake nitaandika pia 4s¹, yaani elektroni moja katika 4s, hata kama mtihani hauulizi.