Njia ya Chombo Kati ya Unguja, Pemba na Mafia: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa wanaokodi chombo kwa likizo ni kwamba Unguja, Pemba na Mafia vinaweza kutembelewa vyote kwa wiki moja, kwa kuwa ramani huvionyesha vikiwa jirani. Ukweli ni kwamba kutoka Mji Mkongwe hadi Kilindoni, Mafia, ni zaidi ya maili za baharini 100, yaani karibu kilomita 200, na chombo kiendacho maili 6 kwa saa kitahitaji takriban saa 17 hata bahari ikiwa tulivu. Sehemu ya safari hiyo itaangukia usiku, katika maji yenye nyavu na ngalawa ambazo mara nyingi hazina taa. Kwa wiki moja, Unguja na Pemba vinatosha kabisa. Mafia ipewe safari yake.

Wengine huamini kuwa njia ya kwenda na ya kurudi huchukua muda uleule. Katika pwani yetu hesabu hiyo haisimami, kwani mkondo wa bahari huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huusukuma zaidi. Chombo kinachotoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, wakati huo hupata upepo na mkondo vyote nyuma yake, lakini kikirudi hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, siku nzima huku abiria wakitapika. Kwa hiyo ni busara kupanga njia ya upande mmoja: safari ianzie Unguja, imalizikie Pemba, kisha wageni warudi kwa meli ya abiria au kwa ndege kutoka Chake Chake. Wala si kweli kwamba kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni shwari daima, kwa sababu upepo huo hukutana uso kwa uso na mkondo, na ukikaza huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayochosha kuliko makubwa ya kusi.

Kosa ninaloliona kuwa zito zaidi ni kudhani kwamba maji kupwa na kujaa ni shauri la wavuvi peke yao. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mahali palipokuwa na kina cha kutosha wakati wa kutia nanga jioni panaweza kuwa mwamba mtupu asubuhi. Mpango wa kila siku uandikwe kwa kuanzia na saa za maji, umbali ufuate baadaye, na mlango wa mwamba, yaani upenyo wa kupita katikati ya matumbawe, uingiwe kabla ya saa 9 alasiri, jua likiwa bado juu na nyuma ya nahodha, ili rangi za maji zimwonyeshe kina.

Si kila ufuko ni wa kushukia. Kisiwa cha Mnemba kina hoteli ya binafsi, Chumbe na Misali ni maeneo ya hifadhi, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hutoza kiingilio.

Ipo pia imani ya zamani kwamba vimbunga haviifikii Tanzania. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga, na siku mbili za akiba ziwekwe katika ratiba tangu mwanzo, ikiwezekana upande wa magharibi wa Pemba, ambako ghuba nyingi zimekingwa na kusi na chombo kinaweza kusubiri bila hofu.