Jineri ya zamani kuwa makumbusho ya sanaa? Anza na paa

Mimi ni msanifu majengo na kazi yangu ni majengo ya zamani, na kila nikiitwa kuangalia jineri ya pamba (kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu) iliyokufa huku mashariki ya Uganda wenyewe wananiambia tupake nyeupe, tuweke taa, tutundike picha, tufungue. Ngojeni kwanza jameni, tuangalie juu.

Viwanda vingi vya enzi za Mwingereza vina paa la meno ya msumeno, upande mmoja mabati na mwingine vioo. Kule Uingereza vioo vinaelekezwa kaskazini na inafanya kazi safi kabisa, maana mchana jua lao liko kusini mwaka mzima, so wanapata mwanga laini tu. Sasa sisi tuko kwa ikweta! Jinja mwezi wa 6 jua la saa sita limeegemea kaskazini digrii 23 hivi, mwezi wa 12 limehamia kusini, yaani hata vioo viangalie kaskazini au kusini kuna miezi jua litaingia moja kwa moja mpaka ukutani.

Na mwanga unaharibu sanaa polepole bila mtu kuona. Kazi za karatasi na vitambaa zinapewa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, rangi za mafuta kama 200, wakati jua kali la nje linafika luksi 100,000. Olubugo, lile gome la mutuba ambalo wasanii wetu wanalipenda, nalo lilindwe hivohivo, rangi yake ikishapotea hairudi.

Lakini msizibe vioo, hapo mimi sikubali, ule mwanga ndio uzuri wa jengo lenyewe. Weka mabapa ya kivuli kwa nje, si pazia ndani, maana joto likishapita kioo limeshaingia, halafu tumia kioo kinachotawanya mwanga, na pale penye mwanga mwingi zaidi panga sanamu za chuma, mawe na udongo wa kuchoma.

Mabati nayo yanahitaji dari la pili lenye nafasi ya hewa katikati, kwa ajili ya joto na pia kelele ya mvua. Kama paa ni asbesto msiwape vijana nyundo wakavunje, waiteni wataalamu, vumbi lake linaleta kansa.

Halafu ukubwa wa ndani msiukatekate vyumba vidogovidogo. London walibakiza mtupu ule ukumbi mkubwa wa mitambo wa Bankside, kituo cha umeme cha zamani, na tangu makumbusho ya sanaa ya Tate Modern yafunguliwe humo 2000 wasanii wanatengeneza kazi za kuujaza. Cape Town walichonga ukumbi katikati ya mapipa 42 ya zege ya ghala la nafaka, makumbusho ya sanaa ya Zeitz MOCAA yakafunguliwa humo 2017. Na mizani ya pamba kama bado ipo iacheni palepale, wazee waliobeba yale magunia wengine wako hai na watakuja na wajukuu.

Kama unalo jengo la hivo, ingia saa sita mchana mwezi wa 6, rudi mwezi wa 12, piga chaki kila mahali jua linapogonga ukuta, kisha umwite msanifu wako aone hizo alama kabla hajachora chochote.