Regulata ya dainamo: angalia dainamo kwanza, gari baadaye

Majuzi ililetwa gereji kwetu hapa Arusha Land Rover 109 ya petroli, ile ya miaka ya 60 yenye dainamo (mashine ya zamani ya kuchaji betri), haichaji. Mwenyewe, mzee mmoja mpole sana, alikuwa ameshanunua regulata (kiboksi kinachodhibiti umeme wa dainamo) mbili mpya kwenye maduka ya spea na fundi wa mwisho akamwambia dainamo imekufa aitupe afunge alteneta, ile ya gari za siku hizi. Nafungua boneti nakuta regulata ni ya Bosch, ya Volkswagen Beetle, na dainamo ni Lucas. Kwa macho hamna tatizo, volti 12 kwa volti 12, nyaya zimeingia zote vizuri, lakini hiyo kitu haiwezi kuchaji hata uiendeshe mpaka Dar, na dainamo wala haina kosa. Yaani inaniuma nikiona dainamo nzima inatupwa kwa sababu ya regulata isiyoendana nayo.

Iko hivi. Dainamo inatoa umeme kulingana na moto (umeme) unaopita kwenye fildi koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake kutengeneza sumaku; moto ukiwa mwingi inatoa volti nyingi, ukipungua inatoa kidogo. Regulata kazi yake ni kuufungulia na kuufungia huo moto mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, ndo maana ukifungua kifuniko unaona zile pointi zinatetemeka. Sasa fildi koili ina ncha mbili, na swali la kwanza kabla hujatoa hela yako mfukoni ni hili: ncha ya pili imefungwa wapi? Kwenye Lucas imefungwa bodi (chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri) humo humo ndani ya dainamo, inayotoka nje ni F, na regulata inailisha moto kutoka D, nguzo inayotoa umeme wa dainamo. Kwenye Bosch ya Beetle ni kinyume, ncha moja imeshikana ndani na brashi yenye moto, inayotoka ni DF, na regulata ndo inaipeleka bodi. Ukifunga regulata ya Bosch kwenye Lucas ncha zote mbili zinakwenda bodi, ukifunga ya Lucas kwenye Bosch zote mbili zina moto, na koili yenye kitu kilekile pande zote haipitishi chochote. Hata gari za Marekani zina mgawanyo huohuo, Ford za zamani fildi inaishia bodi ndani, dainamo za Delco inaishia kwenye regulata.

Kwa hiyo soma kibao cha dainamo, usiseme tu "nataka regulata ya Land Rover", maana gari ya miaka 60 imeshapita mikono mingi na dainamo iliyopo inaweza isiwe iliyotoka nayo kiwandani. Kibao kikiwa kimefutika chukua maltimita, chomoa nyaya, pima F na bodi, Lucas C40 nzima inasoma karibu omu 6.

Alafu kabla ya kulaumu regulata ijaribu dainamo yenyewe. Kwa Lucas chomoa nyaya zote mbili, unganisha D na F kwa kawaya kafupi, weka mita kati ya hapo na bodi, washa injini ikiwa sailensa (bila kukanyaga mafuta) na uipandishe taratibu. Volti inatakiwa ipande haraka mpaka kama 20, ikifika hapo acha usiendelee kukanyaga mafuta. Ikibaki kwenye volti 1 au chini yake tafuta ubovu kwenye fildi, ikiganda kwenye 4 au 5 amecha (sehemu inayozunguka ndani ya dainamo) ndo ina shida. Kwa Bosch jaribio hili haliko hivyo, pale DF ndo unaipeleka bodi.

Ampea ndo watu wanapoua dainamo. Kwa dainamo za Lucas, C39 inatoa kama ampea 19, C40 ya kawaida 22, C42 inafika 30. Regulata ya zamani ya Lucas, RB106, ina koili mbili, moja ya volti na moja ya katauti inayozuia betri isirudishe moto kwenye dainamo gari ikizimwa. RB340 ina koili tatu, ya tatu inalinda ampea. Mi naipenda RB340 lakini iwe imesetiwa kwa dainamo yako, ukichukua ya C42 ukaifunga kwenye C40, siku betri imelala dainamo italazimishwa kutoa 30 wakati uwezo wake ni 22, amecha inachemka mpaka risasi iliyolehemu nyaya inayeyuka na kurukia pembeni. Na kama unatoka RB106 kwenda RB340, waya zilizokuwa kwenye nguzo za A na A1 zinakwenda pamoja kwenye nguzo ya B.

Regulata za elektroniki zinazofichwa ndani ya boksi la zamani ni nzuri, pointi hazichomeki, ila hizo zinajali ethi, yaani ni nguzo gani ya betri imefungwa bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi bodi ni chanya, na ukifunga ya bodi hasi hapo umeiunguza siku hiyohiyo. Ya pointi za Lucas haijali sana, ila ukigeuza betri lazima dainamo uipe mwelekeo upya: chomoa waya wa F, gusisha ile F ya dainamo na nguzo ya betri isiyokwenda bodi kwa sekunde moja au mbili, itatoa cheche kidogo.

Jambo lingine dogo lakini limenisumbua miaka mingi ni waya wa E, ule unaounganisha regulata na bodi. Ukilegea, koili za ndani hazina pa kumalizia, regulata haioni volti, dainamo inatoa bila breki na taa zinaungua. Safisha hapo mpaka chuma king'ae.

Ya yule mzee niliirudishia RB106 yake ya zamani, alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa rambo chini ya siti. Pointi nilizipitisha msasa laini kabisa nikazifuta kwa spiriti, nikaisogeza skrubu ya volti kidogo tu kwa sababu joto letu linataka chaji ya chini kuliko Uingereza. Kwenye betri ikasoma 14.2 baada ya kuzunguka dakika kumi. Nimemwambia arudi baada ya wiki mbili tuangalie maji ya betri, yakiwa yameshuka sana nitaipunguza tena.