Pakiti imeandikwa "gluten free" (haina gluteni): niiamini?

Gluteni ni nini, na nani aihofie?

Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ile inayofanya donge la chapati livutike. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na chakula kinashindwa kufyonzwa. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu usiosikia vidonge, au mtoto kudumaa. Kama huna tatizo na gluteni, hela yako kanunulie mboga.

Maneno hayo yanaahidi nini hasa?

Kwa kiwango cha kimataifa cha chakula kiitwacho Codex, na kwa sheria za Ulaya na Marekani, gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Si sifuri, lakini ni kidogo mno. Gramu moja ya unga wa ngano ina takribani miligramu 80 hadi 100 za gluteni, kwa hiyo kijiko cha chai kilichojaa kikimwagikia kilo 10 za sembe kinatosha kuvuka kikomo hicho.

Nikiona nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), si inatosha?

Haitoshi. Hata unga wa ngano una nembo ya TBS. Inakuambia bidhaa imekidhi kiwango chake, basi. Kwenye bidhaa za nje tafuta alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari ndani ya duara, tena yenye namba ya leseni karibu yake. Alama isiyo na namba, mtu yeyote anaweza kuichapa.

"Haina ngano" ni sawa na "haina gluteni"?

Hapana, na hapa wengi hunaswa. Geuza pakiti usome viambato: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai. Neno "malt" ni kimea, na kwenye vinywaji vya unga vya chokoleti na nafaka za asubuhi mara nyingi ni kimea cha shayiri. Kimea cha ulezi hakina shida. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano pia, na soseji nyingi hujazwa unga wa mkate. Ukikuta "may contain wheat" (huenda ina ngano) kwenye pakiti isiyodai kuwa haina gluteni, irudishe rafuni.

Kwa nini nihangaike na pakiti wakati Mbeya kuna mahindi, mchele na viazi?

Swali zuri. Mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo, maharage, ulezi: vyote havina gluteni kwa asili. Tatizo ni mashine ya kusaga. Ileile inayosaga dona yako huenda imetoka kusaga unga wa lishe uliochanganywa ngano, na vumbi lake hubaki kwenye nyundo, kwenye chekeche na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Muulize mwendesha mashine kilichosagwa kabla yako. Kutanguliza kilo 2 au 3 za mahindi na kuwapa kuku unga huo hupunguza masalia, ila hakuyamalizi. Mgonjwa wa siliaki atafute mashine isiyogusa ngano kabisa. Sokoni nako angalia kopo la kupimia, maana muuzaji akichota ngano kisha ulezi kwa kopo hilohilo, hapo hakuna lebo ya kukuokoa. Na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi si salama.

Nahisi ngano inanisumbua. Niache leo?

Usiache bado. Nenda hospitali ukiwa unaendelea kula chapati na mkate kama kawaida, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza gluteni inapoingia. Ukiacha mapema zinapungua, na majibu yanaweza kusema huna siliaki wakati unayo.